Mti wa Uani wa Kukwea Watoto

Likizo ya mwezi wa sita mwaka jana mdogo wangu alianguka kutoka mtini akavunjika mkono. Alikuwa na umri wa miaka minane. Mti wenyewe ni mparachichi ulio nyuma ya jiko letu, nalo tawi aliloketi lilikatika mara moja, bila kupinda na bila kulia, kama mtu avunjavyo muhogo mbichi. Tulimfunga mkono kwa vipande viwili vya ubao na kanga ya mama, tukampeleka hospitali hapa hapa Nansio, akafungwa plasta.

Jioni ile baba alitoa shoka. Nilidhani anauendea mparachichi, kumbe sivyo. Aliuendea mwembe wetu mkubwa ulio katikati ya ua. Akasema, "Huku ndiko walikojifunzia kukwea. Mwizi akikamatwa, na mwalimu wake akamatwe."

Babu alikuwa ameketi barazani. Akamwambia, "Mwanangu, mwembe huo nimeukwea mimi nikiwa mtoto, na wewe pia nilikuteremsha humo kwa fimbo. Leo umekosa nini?"

Baba akasita. Nikaona nafasi imepatikana, nikamwomba anipe siku chache niichunguze miti yote ya nyumbani. Alinitazama, kisha akaliegemeza shoka ukutani. "Haya, msomi. Nakupa mpaka Jumapili. Ukinionyesha kwa hayo mnayosoma kwamba mti huu haufai kulaumiwa, nitauacha. Ukishindwa, mama yako atapata kuni."

Basi makala hii ni habari ya mambo niliyoyaona siku zile, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye kwa walimu na vitabuni. Nimeyaandika kwa ajili ya wanafunzi wenzangu, lakini zaidi kwa ajili ya wazazi, maana wao ndio wenye shoka.

Kwanza nieleze neno. Kiswahili chetu husema "kupanda mti" kwa mtu atiaye mche ardhini, na husema hivyo hivyo kwa mtoto apandaye juu ya matawi. Ili nisimchanganye msomaji, huyu wa pili nitasema anakwea. Ingawa, kama tutakavyoona, yule wa kwanza asipofikiri vizuri, huyu wa pili ndiye atakayeumia.

Wako watakaouliza, kwa nini tusiwakataze watoto wasikwee kabisa? Nyumbani kwetu tulikatazwa miaka yote, na miaka yote tulikwea. Tofauti ni kwamba mtoto aliyekatazwa hukwea kwa kujificha, katika mti ulio mbali na macho ya wakubwa, tena kwa haraka. Mparachichi wetu uko nyuma ya jiko; mwembe uko mbele ya kila mtu. Mdogo wangu aliuchagua mparachichi kwa sababu hiyo. Tena kukwea si upuuzi mtupu. Jane Goodall, yule mama Mwingereza aliyefika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, utotoni mwake kule Bournemouth alikuwa na mti mmoja bustanini kwao aliozoea kukaa juu yake na kusoma vitabu. Bibi yake alikubali mti ule uwe wake. Sisemi kwamba kila akweaye mwembe atakuwa mtaalamu wa wanyama. Nasema kwamba bibi yule alijua ni mti upi mjukuu wake yumo, na hilo ni jambo kubwa.

Sasa tuje kwenye mti wenyewe. Watu wengi huanza kutazama matunda, au kivuli. Mimi nasema, kitu cha kwanza kutazamwa ni panda, yaani pale ambapo shina hugawanyika au tawi hutokea shinani.

Panda ni za namna mbili. Iko panda iliyo wazi, ambayo matawi yake yameachana vizuri na katikati pana nafasi kama kiganja kilichokunjuliwa. Ukitazama hapo utaona gome limejikunja kwa juu kama mshono ulioinuka. Hiyo ni dalili njema: mbao ya tawi na mbao ya shina zimeungana ndani. Namna ya pili ni panda iliyobana, ambayo matawi mawili yanakwenda juu karibu sambamba, na kati yao pana ufa mwembamba kama wa mlango uliorudishwa. Katika panda hiyo gome limeingia ndani, likakaa kati ya tawi na tawi. Kwa macho yaonekana imara, lakini ndani hakuna muungano. Ni vitu viwili vinavyosukumana, na kadiri matawi yanavyonenepa ndivyo yanavyozidi kusukumana. Siku ya upepo, au siku ya watoto watatu, hupasuka hadi chini. Mtoto wa darasa la nne aweza kufundishwa kuzitambua panda hizi mbili kwa muda mfupi kuliko wa kujifunza wimbo.

Panda ya kwanza ya mti wa watoto wadogo yafaa iwe chini, kati ya magoti na kifua cha mtoto mwenyewe, ili akwee bila kuinuliwa. Sheria yangu ni hii: mtoto asiyeweza kufika pandani kwa nguvu zake hana nguvu za kushuka pia. Kumpandisha kwa kumbeba ni kumkopesha kimo asichoweza kukilipa.

Tena watu wengi hudhani kwamba mti ukikua panda nayo huinuka. Sivyo. Mti hurefuka kwa ncha zake, na shina huzidi unene tu. Panda iliyo mita moja kutoka ardhini leo itakuwa hapo hapo baada ya miaka 50. Babu alidai kwamba alipokuwa mtoto panda ya mwembe wetu ilikuwa juu zaidi. Si panda iliyoshuka. Ni babu aliyerefuka.

Baada ya panda huja unene wa tawi, na hapa nawaomba wasiopenda hesabu wanivumilie kidogo, kwa maana hapa ndipo mdogo wangu alipopotea. Nguvu ya tawi ya kuzuia kuvunjika haiendi sawasawa na unene wake. Ukilizidisha tawi unene mara mbili, nguvu yake huzidi mara nane, maana kipenyo huzidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tatu. Chukua tawi la sentimeta 10 na lingine la sentimeta 7 la mti ule ule. Kwa macho tofauti ni ndogo. Lakini 10 mara 10 mara 10 ni 1,000, na 7 mara 7 mara 7 ni 343. Tawi la pili lina theluthi moja tu ya nguvu ya lile la kwanza! Na mtoto aendaye nje kufuata tunda, kila hatua anakanyaga pembamba zaidi.

Si hayo tu. Kila anapokwenda mbali na shina, uzito wake nao unapata wenzo mrefu zaidi. Mtoto wa kilo 25 aliye nusu mita kutoka shinani, na mtoto yule yule akiwa mita mbili, si mzigo mmoja kwa mzizi wa tawi: wa pili ni mara nne. Kwa hiyo mambo mawili yanakwenda pamoja, tawi linapungua na mzigo unazidi. Ndiyo sababu watoto wengi hawaanguki wakiwa shinani. Huanguka wakiwa njiani kwenda kwenye tunda. Sisi tumewafundisha wadogo zetu neno moja, "shina": mkono mmoja lazima uweze kulifikia shina au tawi kubwa. Na tawi la kukanyagwa lisiwe jembamba kuliko kifundo cha mguu wa yule alikanyagaye. Hicho ni kipimo ambacho kila mtoto anacho, hakisahauliki nyumbani.

Nilitaka kujua pia kama miti inalingana. Nikakata fimbo tatu mbichi, moja ya mparachichi, moja ya mwembe, moja ya mpera, zote zenye unene wa kidole gumba na zote zilizonyoka. Nikaziweka moja moja juu ya mawe mawili yaliyoachana mita moja, katikati nikatundika ndoo ya lita 20, kisha nikawa namimina maji lita moja moja. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Ya mparachichi ilikatika ndoo ikiwa nusu na kidogo, kwa mlio mmoja tu, bila onyo. Ya mwembe ilistahimili mpaka ndoo ikakaribia kujaa, ikapasuka nyuzi nyuzi, polepole. Ya mpera haikuvunjika. Ilipinda mpaka ndoo ikakaa chini, na nilipoiondoa ndoo fimbo ikajaribu kunyoka tena. Wadogo zangu walishangilia kana kwamba ni mchezo wa mpira.

Mwalimu wetu wa fizikia alinikosoa niliporudi shuleni. Alisema kijiti kimoja si ushahidi wa mti mzima, na tawi kubwa laweza kuwa na kidonda ambacho fimbo haina. Ni kweli. Lakini hata yeye alikubali jambo lililo muhimu: si nguvu tu ndiyo inayotakiwa, bali namna ya kuvunjika. Mti upindao kwanza humwambia mtoto, "rudi." Mti ukatikao mara moja haumwambii kitu.

Nilidhani haya ni mambo yangu mwenyewe, kumbe wako viumbe waliotangulia kuyajua. Katika Ziwa Victoria hili hili, upande wa kusini-magharibi, kipo kisiwa cha Rubondo, ambacho tangu mwaka 1977 ni hifadhi ya taifa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa huko sokwe waliokuwa wamefungwa vizimbani Ulaya, wakafunguliwa msituni wajitafutie wenyewe. Wazao wao wangali huko, na kila jioni hukunja matawi na kuyasuka kuwa kitanda cha kulalia juu ya mti. Sokwe ni mzito, naye hulala huko usiku kucha. Akichagua vibaya haonyeki mara ya pili. Je, huchagua ovyo? Kule Semliki, magharibi ya Uganda, wataalamu wawili, David Samson na Kevin Hunt, walihesabu vitanda 1,844 vya sokwe, wakatangaza habari zao mwaka 2014. Katika msitu ule mti uitwao muhimbi ni mchache, haufiki mmoja katika kila miti kumi. Lakini karibu vitanda vitatu katika kila vinne vilikuwa juu ya muhimbi. Walipopima matawi ya miti mbalimbali, muhimbi ndio ulioonekana mgumu na wenye nguvu kuliko mingine. Sokwe hawana ndoo ya lita 20, lakini wamefika pale pale.

Basi tuitazame miti ya Nansio kwa macho hayo.

Kwa nyumba nyingi za kwetu mwembe ndio wa kwanza. Panda zake ziko chini, matawi ni manene, umbo lake ni kama mwavuli, na kivuli chake hakipungui mwaka mzima. Ubaya wake ni utomvu, ambao huwasha ngozi na kutoa malengelenge kwa baadhi ya watu, na wakati wa maembe watoto hulisahau shina. Tena mwembe wa zamani huwa na matawi makavu ndani ya majani, ambayo hayaonekani mpaka uyashike. Mara moja kwa mwaka mtu mzima na akwee, ayagonge na kuyakata.

Mpera ni mdogo, lakini kwa mtoto mmoja au wawili sijaona bora kuliko huo. Mbao yake ni ngumu na yapinda, wala haurefuki sana hata ukataka. Gome lake ni laini kama ngozi, kwa hiyo likiloa mvua huteleza. Siku ya mvua uachwe. Mfenesi una mbao nzuri, ila una ulimbo usiotoka nguoni, na fenesi moja huweza kuwa na uzito wa mtoto, kwa hiyo anayecheza chini yake ndiye aliye hatarini kuliko aliye juu. Mchungwa, fahari ya Ukerewe, una miiba. Mtoto hujifunza hilo mwenyewe. Mpapai si mti wa kukwea kabisa, shina lake ni wazi ndani na halina mbao ya kweli. Mzambarau watoto wanaupenda kupita kiasi, nami nauogopa: ni mrefu, matawi yake hukatika ghafula, na zambarau tamu kuliko zote ziko ncha kabisa. Habari za mparachichi mmekwisha kuzisikia.

Wako waliopanda misonobari nyumbani kwa mfano wa ile ya msitu wa Rubya. Kwa mbao ni mti mzuri. Kwa watoto ni mtego, maana matawi yake yamepangwa kuzunguka shina kama ngazi iliyotengenezwa makusudi, na matawi ya chini hufa kwa kukosa mwanga, yakabaki yameshikilia. Ngazi ya vidato vilivyokufa! Mkaratusi hauna tawi la chini la kuanzia, nao huangusha matawi makubwa hata siku isiyo na upepo. Watoto wasikae hata chini yake. Mkuyu una panda pana za ajabu, lakini mwingine ni wa heshima kwa wazee, hivyo uliza kwanza. Na mnyaa usiwe uani penye watoto hata kama ni wa ugo tu, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni huunguza vibaya.

Kuuliza kwenyewe ni sehemu ya somo. Jirani zetu wa Ukara wamejulikana tangu zamani kwa kila mti kuwa na mwenyewe, maana huko hata majani ni chakula cha ng'ombe. Mti ukiegemea ua wa jirani, mzazi aende apige hodi, asimwachie mtoto kazi hiyo.

Mti ukiwa mzuri, tazama na mahali uliposimama. Kisiwa chetu kina mawe makubwa, na mwembe mzuri juu ya mwamba ni mti mbaya. Mtu aangukaye kutoka mita 2 hufika chini kwa mwendo wa kilometa 22 hivi kwa saa, ambao ni mwendo wa baisikeli iendayo kasi. Kutoka mita 4 ni kilometa 32, kutoka mita 8 ni 45. Watengenezaji wa viwanja vya watoto huko Ulaya hawaruhusiwi kuweka mahali pa kusimama palipo juu ya mita 3, na hapo chini hutiwa mchanga au vibanzi vya mbao. Sisi mchanga tunao, ziwa limetupa. Tulitoa mawe yote chini ya mwembe, tukalima udongo, tukamwaga mikokoteni sita ya mchanga na majani makavu. Angalia pia nyaya za umeme: mti uliokaribia waya haufai, hata uwe na panda za dhahabu. Angalia nyuki, na wale siafu wa mtini waitwao maji moto, ambao hushona majani kuwa nyumba. Mtoto aliyeumwa nao huachia mikono yote miwili. Na ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, kila mtu ashuke. Ziwa letu ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi kabisa, na radi haichagui mti mbaya.

Ninakuja sasa kwenye nyumba ya mtini, ambayo ndiyo wadogo zangu walinisumbua nayo. Katika picha za vitabu vya kigeni ni nyumba kamili, ina paa na madirisha. Sisi hatuhitaji hiyo. Tunalo dungu. Kila aliyewahi kuamia ndege katika mpunga ajua dungu ni nini: nguzo nne, fito, na mtoto juu yake mwenye kombeo na sauti kubwa. Weka dungu hilo pandani badala ya juu ya nguzo, na nyumba ya mtini imekwisha.

Lakini dungu la mtini hutaka matawi yenye kipenyo kisichopungua sentimeta 15. Kupima ni rahisi: zungusha uzi, upime urefu wake, ugawanye kwa 3.14. Sakafu isiwe juu ya mita 2, iwe na nafasi kati ya fito ili maji ya mvua yapite, na ukingo uzunguke kufikia kifua cha mtoto aliyeketi na kiuno cha aliyesimama. Kuhusu misumari, baba alitaka kuleta ya inchi sita. Nilimwomba tutumie kamba ya katani. Kila msumari ni kidonda. Mti hukizingira kidonda hicho kwa ndani lakini haukiponyi kama ngozi yetu, na mlango huo uozo hupita. Kamba nayo ina hila yake. Chini ya gome ndipo kinapopita chakula kitokacho majanini kwenda mizizini, na mti unenepapo kamba iliyokaza humnyonga. Kwa hiyo tunaweka vipande vya mbao kati ya kamba na gome, na kila muhula tunazifungua na kuzifunga upya. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja. Kamba iliyochakaa haibaki hata kwa huruma. Tunaipeleka kufungia mbuzi.

Kwa asiye na mti unaofaa, apande leo. Mche wa mwembe ukifika mita moja hivi, ukatwe ncha, nao utatoa machipukizi mengi. Yaachwe matatu au manne, yaliyotazama pande mbalimbali na kuachana kwa kimo, mengine yaondolewe. Kumbuka kwamba panda haiinuki: mkato huo mmoja unaamua mahali watoto watakapoweka mguu miaka 60. Ukimwacha mbuzi aukate ncha, naye atachagua, ila hatachagua kwa ajili ya watoto.

Na kama mtoto ameanguka licha ya hayo yote? Akilalamika shingo au mgongo, au akiwa hasikii miguu, asiinuliwe kwa mikono na miguu kama tulivyozoea. Alale hapo hapo bila kutikiswa, abebwe juu ya ubao au mlango. Mkono uliovunjika usikandwe wala usivutwe na mtu yeyote, hata awe fundi wa mifupa wa kijiji kizima. Ufungwe kama ulivyo, aende hospitali. Mama yangu alilijua hili kuliko sisi sote, na daktari alimwambia hivyo.

Jumapili ilipofika baba alitoka kanisani akaja moja kwa moja chini ya mwembe, angali na koti. Nilimwonyesha panda zake tatu, zote wazi. Nikampa uzi, akapima mwenyewe. Nikamwonyesha mahali tawi la mparachichi lilipokatikia: lilikuwa na kipenyo cha sentimeta 5, na panda yake ilikuwa ya kubana, gome limeingia ndani, jeusi. Alilitazama kwa muda. Kisha babu akasema, "Kwea basi, ujaribu." Baba akavua koti akanipa, akakwea mpaka panda ya kwanza akaketi hapo, na mimi sikuwahi kumwona baba yangu akiwa juu ya kitu chochote isipokuwa kiti na baisikeli.

Alipokuwa huko juu alisema, "Huyu mtoto wa kike naye hukwea?" Alimaanisha dada yangu. Shangazi akajibu kwamba haifai. Babu akasema dada ndiye hodari kuliko wote, na kwamba yeye hajawahi kuanguka. Baba hakuongeza neno.

Mwembe haukukatwa. Mparachichi nao hatukuukata, maana una kosa moja tu, la kuwa mti wa kuchumwa kwa upembo na si kwa mikono. Tuliondoa matawi yake ya chini hadi mita 2 na nusu, mtoto asipate pa kuanzia. Katika mwembe baba alichora mstari wa chokaa kwa kimo cha mita 3, na juu ya mstari huo hapandi mtu mwenye umri chini ya miaka kumi na miwili. Mdogo wangu alitolewa plasta baada ya majuma matano. Kwa mwezi mzima alikuwa anasimama chini na kutazama wenzake, kisha siku moja tukamkuta pandani, ameketi kimya, mkono mmoja umekumbatia shina.

Muhula huu nilipofungua kamba za dungu nilipima tena tawi la kusini. Mzingo wake sasa ni sentimeta 61. Kamba mbili za upande wa jiko zimeanza kukatika nyuzi, nazo nitazibadili likizo ikianza.